Yule wa Katikati

Taa nyekundu ikiwaka juu ya mlango wa chumba cha sumaku, hakuna aliyeruhusiwa kuingia, hata Bi Kazija mwenyewe, mkuu wa Baraza na mwenye funguo zote za Jumba. Mle ndani mlikuwa na giza la makusudi, kwani mwanga wa dirishani ungeharibu kazi. Na katika giza hilo, siku nenda siku rudi, walikaa watu wawili: Zaitun, na mgeni mmoja aitwaye Haroub, mtaalamu wa mwanga aliyeletwa kutoka ng'ambo ya mto. Nje ya mlango alisimama Ngwali, mume wa Zaitun, ameshika trei ya vichupa alivyovisafisha kwa mikono yake mwenyewe, anangoja taa izimike.

Wawili gizani. Wananong'ona. Kwa nini wanong'one, mashine haina masikio. Sasa amecheka. Amecheka na kiganja mdomoni, namjua, sauti inatoka imezibwa hivyo. Nyumbani hajacheka hivyo tangu lini? Amecheka nini? Sumaku ina nini cha kuchekesha?

Taa ikazimika. Mlango ukafunguliwa na Haroub, miwani ameipandisha kwenye paji la uso, macho yamelegea kwa giza. "Ah, bwana Ngwali! Umetuletea. Ahsante sana, vichupa vyako visafi mno, wallahi. Bila wewe tungekuwa tunapima uchafu tu."

"Karibu," alisema Ngwali, akamkabidhi trei.

Mji ule haukuwa na jina. Waliojaribu kuupa jina waliamka asubuhi wamelisahau, wakachoka, wakauacha hivyo hivyo. Saa zake pia hazikwenda pamoja. Mtaa wa chini walikokaa Ngwali na mkewe, asubuhi ilikuwa nzito na haitaki kuondoka. Kule kilimani kwenye Jumba, mchana ulikimbia. Ngwali alikuwa akifanya kazi katika karakana ya uani mwa Jumba, kazi ya kuchuja na kusafisha vimiminika, na alikuwa akitoka mapema kwenda kupika. Basi ilitokea mara nyingi kwamba yeye hajamaliza kumenya vitunguu, na Zaitun huko juu ameshaishi siku nzima: ameshachoka, ameshafurahi, ameshagombana na Haroub na kupatana naye tena. Aliingia nyumbani amejaa siku ambayo mumewe hakuwamo. Hilo ndilo lililomla Ngwali. Mwanamke aliyeondoka asubuhi alimjua. Mwanamke aliyerudi alimjua. Lakini baina ya huyu na yule alipita mwanamke wa tatu ambaye Ngwali hakuwahi kukutana naye, na Haroub ndiye aliyekuwa akikaa naye.

Kazi ya Zaitun ilikuwa juu ya jambo hilo hilo, ingawa yeye hakuliona hivyo. Kulikuwa na vimiminika viwili, kimoja hakina rangi, kingine cha manjano kama maji ya bizari. Vikikutana na kupigwa na mwanga, vilimenyuka vikawa kitu cha tatu, chekundu. Mwanzo ulijulikana na mwisho ulijulikana. Zaitun aliuliza: njiani kuna nani? Je, kile cha kwanza hurukia kuwa cha mwisho moja kwa moja, au kuna kitu cha katikati, kisichokuwa hiki wala kile, kinachoishi kufumba na kufumbua kisha kikafa bila kuagwa na mtu?

Baraza lilikuwa na jibu lake tangu enzi. Kitu ni hiki au ni kile. Hakuna wa katikati. Na hilo halikuwa somo la kemia peke yake, ilikuwa sheria. Kwenye daraja la mto, mlinzi wa upande ule aliandika watu wa upande ule, na mlinzi wa upande huu aliandika watu wa upande huu. Darajani penyewe, kwa mujibu wa sheria, hapakuwa na mtu. Sasa mama yake Zaitun alishikwa na uchungu akiwa anavuka, akajifungua juu ya mbao za daraja lile. Tangu siku hiyo kila ofisi aliyoingia Zaitun aliulizwa wewe ni wa wapi, akajibu, na kila aliyemwuliza alisema mahali hapo hapana watu. Alikua akiwa na hasira moja ya utulivu, haipandi wala haishuki. Alipojifunza kwamba kuna mashine inayoweza kuona vitu vya katikati, alihamia kwayo kama mtu anayehamia kwao.

"Leo tumemwona," alisema jioni hiyo, hata hajavua viatu.

"Mmemwona nani?" Ngwali alikuwa akikaanga.

"Wa katikati! Kidogo tu. Ile kalamu ya mashine, inayochora kwenye karatasi, imeruka hivi." Akachora hewani kilima kidogo kwa kidole. "Unajua elektroni hukaa mbili mbili, kila moja na mwenzake. Kitu kikivunjika njiani, moja hubaki pweke. Basi sumaku ndiyo inayomtambua huyo mpweke. Wenye wenzao haiwajali. Haroub anasema tukiongeza nguvu ya mwanga..."

"Haroub anasema."

"Eh, anasema tukiongeza..."

"Haroub anasema, Haroub anasema. Na kula, huyo Haroub anakula? Au anasema tu?"

Zaitun aliketi polepole. "Umeanza, Ngwali."

"Sijaanza. Nauliza."

"Uliza basi unachotaka kuuliza."

Alipakua chakula, wakala, na katika kula alikuwa akiwaza kwamba kama angeingizwa yeye baina ya meno ya sumaku ile, kalamu ingeruka mpaka ingevunjika.

Asubuhi yake, mlinzi wa lango la Jumba alimpungia mkono. "Habari za sumaku, bwana Haroub?"

"Nzuri," alijibu Ngwali, akapita. Alikwenda hatua kadhaa ndipo akasimama. Kwa nini nimeitikia? Alijitazama kwenye kioo cha dirisha la karakana akaona uso wake mwenyewe, lakini ulikuwa umevaliwa vibaya, kama kanzu ya kuazima. Akajigusa paji la uso kutafuta miwani. Miwani hakuwa nayo, hakuwahi kuvaa miwani maishani. Akaona aibu, na aibu ile ikageuka upesi kuwa chuki, na chuki haikumpata mlinzi, ilikwenda moja kwa moja hadi kwenye chumba cha giza.

Hapo ndipo habari ilipoletwa kwamba Bi Kazija amechoka kusubiri. Baraza litakaa ukumbini, karatasi ya kalamu ipitishwe kwenye tundu la ukuta, na wazee waone kwa macho yao. Kalamu ikichora kilima kisicho na ubishi, sawa. Ikichora mstari mnyoofu, chumba kitafungwa, Haroub atarudi kwao ng'ambo, na Zaitun atapelekwa kwenye viwanda vya rangi, akakoroge mapipa.

Haroub atarudi kwao. Ngwali aliisikia sehemu hiyo tu. Nyingine ilipita pembeni ya sikio.

Katika rafu ya karakana kulikuwa na unga mweupe ambao Ngwali aliutumia kutuliza vimiminika vilivyotaka kuharibika. Aliujua unga ule kwa tabia yake: ulikuwa unakula wapweke. Kitu chochote chenye elektroni isiyo na mwenzake, unga uliking'ang'ania, na vurugu ikatulia. Kile kilima kidogo cha Zaitun, ambacho sasa kilikuwa kikionekana kwa shida, kingetoweka kabisa. Asubuhi ya Baraza alikitwaa kijiko, akachota ncha yake, akamwaga kwenye kimiminika cha manjano. Ulizama ukayeyuka, na kimiminika kikabaki kama kilivyokuwa. Mkono ulikuwa ukitetemeka. Nitasema nini akiuliza? Hataulizwa mtu. Mstari mnyoofu hauna mwenyewe. Atalia, nitamfuta machozi. Atarudi nyumbani mapema, saa zetu zitakwenda pamoja.

Akakipeleka kichupa mwenyewe. Zaitun alikipokea kwa mikono miwili, na vidole vyake vilikuwa baridi. "Niombee," alimwambia.

"Nakuombea," alisema Ngwali.

Wazee wa Baraza walikaa kwenye mabenchi, Bi Kazija katikati yao, mdogo wa umbo, ameshika mkongojo ambao hakuuhitaji. Taa nyekundu ikawaka. Chini ya mlango ukapita mmweko wa mwanga, mweupe, wa kukata. Karatasi ikaanza kutembea, kalamu juu yake, na mstari ukatoka mnyoofu. Ukaendelea mnyoofu. Bi Kazija alikohoa. Ngwali aliyesimama nyuma alihisi furaha chungu ikimjaa kinywani, furaha ambayo mtu haimezi wala haitemi.

Kisha kalamu ikapanda.

Ilipanda, ikashuka, ikapanda tena. Ilichora milima mitatu, na kila mlima ulikuwa na vilele viwili, sawasawa kama mapacha. Haukuwa ule mruko wa kitoto aliouchora Zaitun hewani. Hii ilikuwa milima hasa. Mmweko ulikwisha zamani, na kalamu iliporudishwa mwanzo ilichora milima ile ile, na ile ile tena. Mzee mmoja aliinuka akagusa karatasi ili kuhakikisha.

Mlango ukafunguliwa kwa nguvu. Haroub alitoka anahema. "Nani ametia mtego?"

Akainama juu ya karatasi.

"Sikilizeni," aliwaambia wazee, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyesahau adabu kwa furaha. "Yule wa katikati anaishi kidogo mno. Tulikuwa tunamwona kivuli. Leo kuna kitu humu ndani kimemshika mkono, na kimechukua upweke wake kikaubeba chenyewe, na huo upweke haujafa! Ndio unaouchora huu hapa. Vilele hivi ni saini ya aliyeshika na aliyeshikwa. Kama yule wa katikati hakuwapo, mtego umemkamata nani?"

Ngwali aliegemea ukuta. Alikuwa anaujua unga ule miaka yote, kwamba unakula wapweke. Hakuwahi kuutia mbele ya sumaku. Hakujua kwamba hauli, unahifadhi.

Bi Kazija aliitazama karatasi. Alikuwa mtu wa sheria, na sheria yake ilikuwa imepasuka mbele ya macho yake, lakini hakuwa mwongo. "Tumemwona," alisema mwisho. "Na huyo aliyeweka mtego ni nani?"

Zaitun alikuwa ametokeza mlangoni na kichupa mkononi. Alikinusa, akaitambua harufu ya unga wa karakana. Akainua macho, akawatafuta watu mmoja mmoja mpaka akamfikia Ngwali kule nyuma, na uso wake ukafunguka vile ambavyo Ngwali alikuwa amesahau kwamba unaweza.

"Ni mume wangu," alisema. "Alijua mimi nina kiburi, ningekataa kusaidiwa. Akanisaidia kimya kimya."

Ukumbi mzima ukageuka. Mikono ikampiga mabegani. Haroub alimkumbatia.

Siku zilizofuata Ngwali alipendwa. Mlinzi wa lango alimwita kwa jina lake, tena kwa kusimama. Zaitun alianza kutoka kilimani mapema. Saa za mtaa wa chini na za Jumba zikakaribiana, na jioni wakawa wanamenya vitunguu pamoja. Zaitun alicheka, kiganja mdomoni. "Miaka yote nilidhani husikilizi," alimwambia. "Kumbe ulikuwa unasikia mpaka nisichokisema." Akiwa anasema hivyo alimtazama machoni, lakini Ngwali aliona kwamba macho yale hayakusimama kwake. Yalipita, yakamfikia mtu mwingine aliyekuwa amekaa mahali pale pale, kwenye kiti kile kile, amevaa shati lile lile.

Mtu huyo alikuwa mwema. Alikuwa mpole, mwerevu, hana makuu. Alimpenda mke wake kuliko alivyojipenda. Alilala kitandani mwa Ngwali na aliitwa Ngwali, na Zaitun alimpenda kwa mapenzi mapya, ya msichana.

Wivu aliokuwa nao kwa Haroub ulikuwa mchezo ukilinganishwa na huu. Haroub angeweza kufungiwa mlango. Huyu amfungie wapi? Anamshika mkono, anashika mkono wangu. Anamwambia ahsante, mdomo wangu unaitikia. Mimi nilifanya lile jambo, na yeye ndiye amelipwa. Hapana, yeye hakufanya lolote, hakuwapo! Mimi nilikuwapo. Mimi mbaya ndiye niliyekuwapo. Na kama hakuwapo, mbona anapendwa hivi? Na kama nipo, mbona hakuna anayeniona? Aliacha kula vizuri. Alimsikia Zaitun akimsimulia jirani habari za mume wake, akasimama nyuma ya pazia akisikiliza sifa za yule bwana, na akatamani kumkaba koo.

Basi siku moja, jua likiwa bado juu, wakichambua mchele upenuni, aliamua kumwua yule mtu mwema. Haukuwa uadilifu uliomsukuma, na yeye mwenyewe alilijua hilo.

"Sikukusaidia," alisema.

"Nini?"

"Ule unga. Sikuutia nikusaidie. Nilidhani utafuta kilima chako."

Mikono ya Zaitun ikasimama juu ya ungo. "Ulitaka kalamu ichore nini?"

"Mstari mnyoofu."

"Mbele ya Bi Kazija."

"Mbele ya Bi Kazija."

"Nikakoroge mapipa ya rangi."

"Urudi nyumbani. Haroub aende kwao, nawe urudi nyumbani."

Kuku alikuja akadonoa mchele ulioanguka, hakuna aliyemfukuza. Zaitun aliuliza kwa sauti ndogo, na swali lake halikuwa lile Ngwali alilojiandalia. "Ulitia kiasi gani?"

"Sijui. Ncha ya kijiko. Mkono ulikuwa unatetemeka."

Hapo ndipo Zaitun alipolia. "Na yule niliyekuwa nakaa naye," alisema, "siku zote hizi, yule aliyekuwa anacheka na mimi hapa? Huyo ni nani?"

"Ni mimi."

"Si wewe. Ungekuwa wewe usingekuja kumwondoa."

Akainuka, akaacha ungo pale pale, akaenda zake kilimani. Hakugombana, hakumfukuza. Kupitia Haroub alituma ujumbe mfupi: Baraza litakaa tena, majaribio yatarudiwa wazi, na kila kitu kilichotiwa kitatajwa, pamoja na sababu ya kutiwa. Atakayetaka kuja na aje.

Ngwali alikwenda. Aliupima unga mbele ya wazee wote, mkono ukiwa thabiti, akautia, na taa nyekundu ikawaka, na kalamu ikachora milima mitatu ya vilele pacha. Safari hii hakuna aliyeshangilia, kwa kuwa walikuwa wanamngoja aseme. Akasema. Alisema wivu, akautaja kwa jina lake, hakuuita mapenzi. Haroub alikuwa amesimama nyuma yake, miwani mkononi, akisikia kwa mara ya kwanza kwamba alichukiwa.

Bi Kazija aliuweka mkongojo chini. Alikuwa ameishi maisha marefu katika mji wa hiki na kile, na kukubali kwake kwa juzi kulikuwa bado kugeni kinywani mwake. "Nikuandike nini, Ngwali?" aliuliza, na kweli alitaka kujua. "Uliharibu, ikawa tengenezo. Ukasifiwa, ukakataa sifa, lakini kwa wivu. Wewe ni mtu mwema au mtu mbaya?"

Ngwali alifikiri. Alitafuta ndani yake yule mbaya, akakuta amechakaa. Akamtafuta yule mwema, hakumwona bado.

"Sijafika, Bi Kazija," alisema.

Wazee walitazamana. Mwandishi wa Baraza aliishikilia kalamu hewani, hajui aiteremshe wapi.

Zaitun alikuwa amekaa mwisho wa benchi la mbele, uso ameuelekeza kwenye karatasi. Hakumtazama mumewe. Lakini baada ya muda alisogea, pakapatikana nafasi pembeni yake, ndogo, ya mtu mmoja. Ngwali alipiga hatua, kisha akasita. Haroub naye alikuwa amesimama karibu na benchi kama yeye, na Zaitun hakusema nafasi ile ni ya nani.

Damu ikamwenda kichwani Ngwali, ile ile, ya moto. Alingoja itulie, haikutulia.

"Kaa, bwana Haroub," alisema. Haroub alikaa. Yeye akabaki amesimama.